Kusomea ufundi kwa fedha za Serikali ukiwa Kigoma: mwongozo kamili, kuanzia karatasi hadi vifaa vya kazi

Desemba moja, siku chache kabla ya Krismasi, mama mmoja wa Katubuka alikuja karakanani kwangu Mwanga na karatasi mbili zilizobanwa kwa pini. Mwanawe alikuwa amechaguliwa kusomea umeme wa majumbani.

"Shikamoo fundi. Ada ninayo," akasema huku akifungua pindo la kanga. "Elfu sitini hii hapa. Nisomee tu hiyo karatasi nyingine, macho yangu hayaoni vizuri."

Karatasi nyingine ilikuwa ya mahitaji. Ovaroli, buti za usalama, testa, plaizi, seti ya bisibisi, rimu ya karatasi, bima ya afya, michango miwili mitatu, godoro kwa atakayelala bwenini. Nikajumlisha kwa chaki juu ya bati. Ilizidi ada zaidi ya mara nne. Mama yule alikuwa amehangaikia elfu sitini tangu Agosti, kauza hadi mbuzi, na kijana alitakiwa kuripoti Januari.

Nimeshasaidia vijana kadhaa kupita njia hii, na karibu wote wanajikwaa hapo hapo. Ada ya ufundi, Serikali imeishaishughulikia kwa njia kadhaa. Kinachowarudisha vijana nyumbani ni mambo mawili: karatasi zisizokamilika, na gharama zisizoitwa ada. Basi mwongozo huu utakaa zaidi kwenye hayo mawili.

Fedha zenyewe zinatoka wapi

Watu wengi wakisikia "Serikali inasomesha" wanafikiria Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Bodi hiyo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ikaanza kazi 2005, na kwa miaka mingi ilikuwa ya wanafunzi wa vyuo vikuu. Mwaka wa masomo 2023/24 mlango ulifunguliwa zaidi, wakaingia wanafunzi wa stashahada katika fani zilizopewa kipaumbele: afya, ualimu wa sayansi, hesabu na ufundi, usafirishaji, nishati, madini na sayansi za ardhi, kilimo na mifugo. Cheti cha ufundi stadi, kile cha ngazi ya kwanza hadi ya tatu kinachotolewa na VETA, mamlaka ya Serikali ya mafunzo ya ufundi stadi, hakikuwamo. Kwa hiyo mtu akikudai elfu ishirini akujazie fomu ya "mkopo wa bodi" kwa kozi ya uchomeleaji, mwambie asante, endelea na safari yako.

Fundi stadi anasaidiwa kwa njia tofauti. Waajiri wenye wafanyakazi 10 au zaidi hulipa tozo ya kuendeleza ufundi stadi, inayokokotolewa kwenye mishahara yote wanayolipa. Kiwango chake kimeshushwa mara kadhaa. Mwaka 2023 kilifikia asilimia 3.5. Sehemu ya tozo hiyo, kwa utaratibu uliozoeleka theluthi moja, huenda VETA. Ndiyo maana ada ya kozi ndefu katika vyuo vya VETA imekaa kwa miaka mingi kwenye shilingi 60,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni. Gharama halisi ya kumfundisha mtu kuchomelea mwaka mzima haiwezi kuwa hiyo. Umeme na vyuma vya kujifunzia peke yake vinaimaliza. Tofauti hulipwa na Serikali kimya kimya, bila wewe kujaza fomu yoyote ya ruzuku.

Kwa hiyo mzazi anayesema "sisi hatujapata ufadhili" huku mtoto yuko VETA, ameshaupata. Haukuja tu kwa bahasha yenye jina lake.

Nchi nyingine zinalitatua jambo hili kwa namna yake. Marekani, ruzuku kubwa ya shirikisho ya kulipia karo, inayoitwa Pell, kwa miongo mingi ilizikwepa kozi fupi za kazi. Sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025 ndiyo iliyoziruhusu kozi za wiki 8 hadi chini ya 15, kuanzia Julai 1, 2026. Ila zimewekewa kigingi: angalau asilimia 70 ya wanafunzi wamalize, na asilimia 70 wapate kazi. Kigingi hicho nakipenda. Kwetu hakuna anayekudai takwimu kama hizo unapochagua chuo, lakini hakuna aliyekukataza kuziuliza. Tutalirudia hilo mbele.

Hatua ya kwanza: karatasi, na uzianze mapema kuliko unavyodhani

Mikoa mingine hatua hii ingemalizwa kwa mistari miwili. Kigoma siyo.

Ukizaliwa Manyovu, Kibondo au Kakonko, upande wa pili wa mpaka una shangazi na binamu, na kwa miongo mingi mkoa huu umepokea wakimbizi wa Burundi na Kongo. Kambi ya Nyarugusu iliwekwa Kasulu, ya Nduta ikawekwa Kibondo. Kwa sababu hiyo maswali ya uraia hapa ni marefu. Ukienda kuomba kitambulisho cha Taifa utaulizwa babu alizaliwa kijiji gani, bibi alizikwa wapi, mwenyekiti wa kitongoji enzi hizo alikuwa nani. Mwenzako wa Dodoma haulizwi hivyo. Unaweza kulalamika, na mimi nimelalamika sana, lakini fomu ya chuo haikusubiri umalize kulalamika. Nenda umejiandaa: vyeti vya wazazi kama vipo, kadi ya mpiga kura ya mzazi, cheti cha ubatizo au barua ya msikiti, cheti cha kumaliza shule ya msingi, na mzee mmoja wa ukoo anayekumbuka vizuri. Huyo mzee ana thamani kuliko karatasi tatu.

Kwa kijana aliye chini ya miaka 18, kitambulisho cha Taifa bado si chake. Yeye anabebwa na cheti cha kuzaliwa. Kama hana, maombi huanzia ofisi ya Mkuu wa Wilaya au kwenye mfumo wa mtandaoni wa RITA, wakala wa Serikali anayesajili vizazi. Hakikisha majina yanafanana herufi kwa herufi na yale ya cheti cha shule. Hapa Kigoma majina yetu ya Kiha yanaandikwa kwa namna tatu kulingana na mwalimu aliyekuandikisha darasa la kwanza. Ntahondi shuleni, Mtahondi kwenye cheti cha kuzaliwa, Tahondi kwenye kadi ya kliniki: hao ni watu watatu machoni pa mfumo. Dawa yake ni hati ya kiapo kwa wakili au hakimu, au hati maalumu ya kubadilisha jina, kutegemea ukubwa wa tofauti. Inachukua muda. Ianze mwezi wa tano au wa sita, usingoje tangazo la chuo.

Ukiwa na hivyo, pita kwa mtendaji wa mtaa au kijiji uchukue barua ya utambulisho. Barua hiyo huwa na uhai mfupi, wengi hawataki iliyozidi miezi mitatu, hivyo ichukue mwisho. Kama kaya yenu imo kwenye mpango wa TASAF wa kusaidia kaya maskini, chukua pia uthibitisho wa hilo. Si kila mfuko unauliza, lakini unapoulizwa huwa ndicho kitu kinachokutofautisha na foleni.

Piga nakala za kila kitu, hifadhi na picha kwenye simu, ujitumie kwenye barua pepe. Mvua za masika za hapa zinajua kuingia kwenye mabegi. Na vyeti halisi usivitie laminesheni. Ofisi nyingine hukataa kuvigonga muhuri.

Hatua ya pili: chagua mlango unaokufaa

Milango ni minne, na haifunguliwi na ufunguo mmoja.

Wa kwanza ni kozi ndefu ya VETA, ngazi ya kwanza hadi ya tatu, kila ngazi takribani mwaka mmoja. Unaingia kwa maombi na mtihani au usaili, unalipa ile ada ndogo. Mkoani Kigoma kuna chuo cha VETA cha mkoa mjini, na vya wilaya vya Kasulu pale Nyamidaho, Buhigwe na Uvinza. Ukikosa nafasi hapa, Tabora ni siku moja kwa treni, na upande ule kuna vyuo vya Tabora mjini, Urambo, Ulyankulu, Igunga na Uyui.

Wa pili ni mafunzo ya uanagenzi chini ya Programu ya Taifa ya Kukuza Ujuzi. Huu ndio ulio karibu zaidi na ruzuku ya karo yenyewe: Serikali inakilipa chuo ada yote, wewe husaini tu. Kozi huwa za miezi sita. Wanaolengwa ni vijana wa miaka 15 hadi 35, na hakuhitajiki cheti cha kidato cha nne. Vyuo vinavyoshiriki si vya Serikali pekee, vimo pia vya mashirika ya dini na vya watu binafsi, na orodha hubadilika kila awamu. Tatizo la mlango huu ni kwamba haufunguki kwa kalenda. Tangazo linatoka, linakaa wiki chache, linafungwa. Walio karibu na ofisi ya vijana ya halmashauri wanaliona, waliopo Kalya au Herembe wanasikia limeshapita.

Sasa fanya hivi: mtafute afisa vijana wa halmashauri yako, umwachie jina, namba ya simu, kata na fani unayotaka. Kigoma ina halmashauri nane: Manispaa ya Kigoma Ujiji, Wilaya ya Kigoma, Uvinza, Buhigwe, Kasulu Wilaya, Kasulu Mji, Kibondo na Kakonko. Nenda ile ambayo kata yako imo. Watu wa Mwandiga wanazoea kuja Manispaa kwa sababu barabara inawaleta huku, halafu wanaambiwa warudi Halmashauri ya Wilaya. Mkumbushe kila baada ya mwezi kwa ujumbe wa heshima. Yeye anahudumia wilaya nzima, hawezi kukukumbuka kwa sura.

Wa tatu ni Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi. Viko 54 nchi nzima, vilianza miaka ya 1970 kwa mfano wa vyuo vya wananchi vya Uswidi, na tangu 2017 viko chini ya Wizara ya Elimu. Kwetu kuna Kasulu na Kibondo. Nawapeleka huko hasa wasichana waliokatishwa masomo kwa ujauzito. Vingi vya vyuo hivi vina mahali pa kulelea watoto wadogo, mama anaingia darasani kushona au kupika na mtoto yuko hatua hamsini kutoka pale. Ni kitu kidogo kukisema, lakini kwa binti mwenye mtoto wa miezi minane ndicho kinachoamua kama atasoma au hatasoma.

Wa nne ni urasimishaji wa ujuzi, kwa mtu ambaye tayari ni fundi. Huo nitaueleza peke yake.

Kwa mwenye ulemavu, milango yote hiyo imo, na kuna nyongeza: vyuo vya Serikali vya ufundi stadi kwa watu wenye ulemavu vilivyo chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, kikiwemo cha Luanzari mkoani Tabora. Muulize afisa ustawi wa jamii, si afisa vijana.

Kuna na mlango wa bandia ambao watu huingia wakidhani ni wa Serikali: kozi fupi za jioni au za wiki chache. Ni nzuri, hata VETA wanazo, lakini hizo hujilipia kwa gharama yake. Kozi ya wiki chache inaweza kukugharimu kuliko ada ya mwaka mzima ya kozi ndefu. Nimewaona vijana wakilipia kozi fupi mbili, tatu, kwa kukimbilia cheti, wakatumia fedha ambazo zingewafikisha ngazi ya pili.

Hatua ya tatu: fani na chuo

Fani nitaipitia kwa haraka, kila mtu ana moyo wake. Neno langu moja tu: angalia kazi itakayobaki baada ya mradi kuondoka. Reli ya kisasa kutoka Tabora kuja Kigoma, kilomita 506, mkataba wake ulisainiwa Desemba 2022, na sasa kila kijana anataka kuendesha mtambo. Sawa, lakini mkandarasi ana siku ya kufungasha. Mashine za kukamua mawese zitaendelea kuharibika, injini za boti za Kibirizi zitaendelea kuingia maji, na nyumba zitaendelea kutaka nyaya, milango na mabomba. Ushonaji mimi huwa nawaomba wafikirie mara mbili. Pita tu soko la Mwanga uhesabu vyerehani.

Kuhusu chuo, kagua usajili wake kwanza. Baraza linalosajili ni NACTVET, ambalo tangu 2021 linashughulikia na vyuo vya ufundi stadi. Orodha iko kwenye tovuti yao. Chuo kisichosajiliwa hakiwezi kukupa tuzo inayotambulika, hata kama kibao chake kimepigwa rangi nzuri.

Halafu nenda chuoni kwa miguu yako na uulize maswali manne kwa mtu wa karakana, usiulize ofisini: mashine ngapi zinafanya kazi leo? Wanafunzi wangapi wanatumia mashine moja? Waliomaliza mwaka jana wako wapi? Mafunzo kazini mnawatafutia nyie au wanajitafutia? Mwalimu mzuri atafurahi kuulizwa. Atakujibu kwa majina: fulani yuko bandarini, fulani kafungua banda Ujiji, fulani kaolewa kaacha. Akijibu kwa maneno ya jumla, "wengi wameajiriwa", wewe endelea kuangalia vyuo vingine. Kile kigingi cha Wamarekani, hapa unakiweka mwenyewe.

Hatua ya nne: kuomba

Kwa kozi ndefu za VETA, maombi kwa kawaida hufunguliwa kuanzia mwezi wa nane hadi wa kumi, na masomo huanza Januari. Siku hizi ni kwa mfumo wa mtandaoni. Kama huna simu janja nzuri, nenda steshenari, lakini kaa kando ya anayekujazia. Namba ya simu iwe yako, siyo yake. Neno la siri liandike kwenye daftari. Nimewahi kumtafuta kijana wa steshenari kwa wiki mbili kwa sababu ujumbe wa kuitwa usaili uliingia kwenye simu yake, naye alikuwa ameenda Kalemie kuuza simu.

Malipo yoyote ya Serikali yana namba ya kumbukumbu ya malipo yenye tarakimu 12. Unalipa kwa namba hiyo, benki au kwenye simu, na jina la taasisi linatokea kabla hujathibitisha. Mtu akikupa namba yake ya simu utume ada "kwa mhasibu", hata awe amevaa kitambulisho shingoni, usitume.

Fani jaza ya kwanza, ya pili na ya tatu. Wengi huandika umeme, umeme, umeme. Umeme na magari ndizo zinazojaa kwanza.

Kwa mwenye cheti cha kidato cha nne kizuri, hasa masomo ya sayansi, nashauri apime kwanza njia ya stashahada na mkopo wa Bodi. Ajue tu kwamba ule ni mkopo: akiajiriwa, makato ni asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi hadi deni liishe. Ada ya VETA haikufuati hivyo.

Hatua ya tano: hesabu ya vitu visivyoitwa ada

Maelekezo ya kujiunga yakitoka, yasome ukiwa umekaa, na kalamu mkononi. Gawa karatasi mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni vya kulipwa siku ya kuripoti: ada au sehemu yake, michango, bima ya afya kama huna kadi. Bima ya mwanafunzi ya NHIF, mfuko wa Taifa wa bima ya afya, kwa miaka mingi imekuwa shilingi 50,400 kwa mwaka, karibu sawa na ada yenyewe. Fungu la pili ni vifaa vya kuvaa na vya mkononi. Fungu la tatu ni kula, kulala na nauli, kila mwezi, hadi mwisho. Fungu hili halimo kwenye karatasi yoyote, na ndilo linaloua.

Kijana akisoma kwa uanagenzi, ada yote imelipwa, lakini chakula na chumba kwa kawaida ni juu yake. Soma tangazo la awamu yako. Chukua mfano: kijana ametoka Buhigwe anakuja mjini. Wamepanga chumba wawili Gungu, kila mmoja anatoa 15,000. Chakula akijipikia, tuseme 2,500 kwa siku, ni 75,000 kwa mwezi. Maji, mkaa, sabuni, bando, weka 20,000. Ni 110,000 kwa mwezi, na miezi sita inakuwa 660,000. Mafunzo ya "bure" yanataka laki sita na nusu na ushee, na kama nyumbani hawakulijua hilo, mwezi wa tatu anarudi kulima maharage.

Nimeona njia tatu zikifanya kazi. Ya kwanza, chakula kitoke nyumbani: debe la mahindi, maharage, lita za mawese, dagaa wa kukausha, vije na gari la Jumamosi. Kwa mkoa huu hiyo ni nusu ya gharama imekatwa. Ya pili, aishi kwa ndugu, lakini kwa mapatano yaliyosemwa waziwazi tangu mwanzo. Mjomba akidhani amepata mtu wa dukani na kijana akidhani amepata bweni, wote wataumia. Ya tatu, afanye kibarua kwenye karakana ya fani hiyo hiyo jioni na Jumamosi. Kwangu wapo wawili sasa. Siwalipi sana, lakini wanakula hapa mchana na mikono yao inapata saa za ziada.

Vifaa msinunue vyote siku moja. Mpigie mwalimu wa fani umuulize vipi vinatakiwa muhula wa kwanza. Mpwa wangu aliwahi kununua seti nzima ya spana kwa mbwembwe, ikaibwa wiki ya pili. Buti na ovaroli nunua vipya na vya kiwango. Plaizi na bisibisi zuri la mtumba linashinda jipya linalopinda.

Kama mnaona kabisa fungu la kwanza haliwezekani kwa mkupuo, andikeni barua kwa mkuu wa chuo kabla ya siku ya kuripoti, mkiomba kulipa kwa awamu. Kabla, siyo baada. Kuna chuo kimoja, sikitaji, kilimrudisha binti wa jirani yangu getini kwa mchango wa elfu thelathini na tano. Baba yake angekuwa nao wiki iliyofuata, ila hakuna aliyeuliza, na yeye hakujua kwamba barua ingepokelewa. Nafasi ikachukuliwa na mwingine. Nilipokwenda kuuliza niliambiwa "mbona hakusema?"

Hatua ya sita: ukiwa ndani

Hapa ni kifupi. Hudhuria. Kitabu cha kumbukumbu za kazi kijazwe siku ile ile na kisainiwe siku ile ile, maana msimamizi wa karakana akihamia Mpanda hakuna wa kukusainia. Mafunzo kazini anza kuyatafuta miezi miwili kabla. Mjini hapa karakana zinazopokea wanafunzi ni chache, na wanaowahi ndio wanaopata zenye kazi. Wengine hukaa kwenye benchi wakiangalia simu.

Kwa aliye fundi tayari: urasimishaji

Mimi nilichomelea miaka kumi na moja bila karatasi. Nilijifunza kwa marehemu mjomba kwa kushika taa na kufunga macho. Siku moja nikakosa kazi ya milango ya jengo moja kwa sababu zabuni ilitaka nakala ya cheti cha fundi. Aliyeipata akaja kuniajiri mimi nimfanyie, kwa theluthi ya bei. Ndiyo nikatafuta njia.

Njia yenyewe inaitwa urasimishaji wa ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. VETA ndio wanaotathmini, na kwa awamu zinazogharamiwa na ile Programu ya Kukuza Ujuzi, fundi halipii tathmini. Unajiandikisha chuoni au kupitia halmashauri. Unakuja kuonwa ukifanya kazi, mara nyingi hapo hapo kwenye karakana yako, na unaulizwa maswali kwa mdomo. Kusoma kwako kukiwa kwa shida si mwisho wa dunia. Wakigundua mapengo, unapewa mafunzo mafupi ya kuyaziba. Mimi pengo langu lilikuwa usalama na kusoma mchoro. Miaka kumi na moja nilikuwa napima kwa jicho na kamba, na nilijiona bingwa. Siku ya mchoro nilitoka jasho kuliko mbele ya moto.

Jiandae hivi: piga picha za kazi zako, mteja akiwemo ikiwezekana. Andika orodha ya miaka na mahali. Barua ya mtendaji kwamba karakana ipo na wewe ni fundi wake. Siku ya tathmini vaa vifaa vya kinga hata kama hujawahi, wanaandika. Ukitoka na cheti cha ngazi husika unaweza kuendelea na ngazi inayofuata kama mwanafunzi wa kawaida, na zabuni ndogo za halmashauri huombi tena kwa jina la mtu mwingine.

Baada ya cheti: vifaa vya kazi

Hapa hakuna ruzuku, kuna mkopo usio na riba. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, tangu marekebisho ya 2018, inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023 kwa sababu ya vikundi hewa na marejesho mabovu, ikarudishwa 2024 kwa utaratibu mpya. Halmashauri kumi zilichaguliwa kuanza majaribio ya kutoa mikopo hiyo kupitia benki, na Manispaa ya Kigoma Ujiji ni mojawapo. Nyingine za mkoa wetu zikabaki na mfumo wa halmashauri yenyewe. Ndiyo sababu maelezo anayopewa rafiki yako wa Kasulu hayafanani na unayopewa wewe wa Ujiji, na wote mnaambiwa ukweli.

Ni mkopo wa kikundi, isipokuwa kwa mwenye ulemavu ambaye anaweza kuruhusiwa peke yake. Kwa hiyo kikundi kianze kuundwa mkiwa bado chuoni. Watano wa fani moja wanaojuana kwa tabia ni bora kuliko kumi waliokutanishwa na fomu. Mjisajili kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, mfungue akaunti, mweke akiba hata kidogo kila wiki na muandike mihtasari ya vikao. Mhakiki hutazama daftari hilo kabla hajatazama andiko lenu. Kwenye andiko wekeni bei za vifaa kutoka maduka mawili ya hapa mjini, zenye mhuri, na mkioneshe kile mnachonacho tayari: grenda ya mmoja, mashine ya kuazima, banda la baba wa mwingine.

Yule kijana wa Katubuka alimaliza ngazi ya pili. Wako wanne na binti mmoja, kikundi kimeshasajiliwa, na kilichobaki ni bei za waya. Wanaenda kuzichukua Jumatatu.